Mama Alikwenda Baharini Kuzika

Haya, kaeni nisimulie mara moja, maana nimechoka kusimulia vipande vipande huku nakaanga samaki. Kila anayekuja kunywa chai kibandani kwangu hapa Mikumi anauliza lile lile. Mlituaga mnakwenda kula raha baharini, mmerudi kabla ya siku zenu, na Ijumaa iliyofuata mkatualika Chanzuru kwenye hitima. Kulikoni? Wengine mmeshaanza kusema kuna mtu wetu alizama. Hakuna aliyezama huko. Sisi tulikwenda kupumzika, Mama alikwenda kuzika, na hakuna kati yetu aliyemwambia mwenzake.

Mambo ya kutafuta hoteli siyaelezi sana. Nilihangaika na simu mpaka macho yakaniwasha. Nilitaka ya bei tunayoiweza, ile ambayo ukishalipa umelipa, kulala humo, kula humo, soda humo, bwawa la watoto humo. Nikaipata Bagamoyo, na niliipata kwa sababu ilikuwa masika. Masika wageni hawaji, mahoteli yanashusha bei. Nilijiona mjanja kweli. Sikufikiria kwamba kwa Mama masika si msimu wa bei. Ni msimu wa Salumu.

Kwa wasiomjua, Salumu ni mdogo wangu, kitinda mimba wa Mama. Masika moja alikwenda Kidete kumsaidia mjomba kuhamisha magunia ya mahindi yaliyokuwa karibu na mto. Mkondoa ukafurika alfajiri, ukaondoka na ghala, na yeye ukaondoka naye. Wanaume wa Kidete na wa kwetu waliufuata mto mpaka wakachoka, wakarudi mikono mitupu. Shehe akasema inatosha, kijana aswaliwe swala ya asiyekuwepo, watu waanue tanga. Mama akakataa. Hajaona mwili, kwa hiyo hana msiba. Akatukataza kulia. Alisema mtu ambaye hajarudi nyumbani haliliwi. Basi miaka ikapita, hitima haikusomwa, watu wakimwambia pole anauliza pole ya nini, na mimi dada yake Salumu sikuwahi kutoa chozi mbele ya mama yangu. Nilikuwa nalia chooni.

Nilipompigia simu habari ya bahari nilijua atakataa, kwa sababu hukataa kila kitu. Badala yake akauliza kama maji ya Mkondoa yanafika huko. Mimi nina maharage motoni, wateja wamesimama, nikajibu mbio mbio kwamba maji yote mwisho wake ni baharini. Akasema, basi nitakuja. Nilifurahi kama mjinga.

Chanzuru hadi Mikumi

Tulikwenda kumchukua kwake Chanzuru na gari ambalo mume wangu, Baba Shadia, aliazimwa na bosi wake. Yeye ni dereva wa lori, kwa hiyo kwenye gari dogo anakaa kama mtu mzima aliyepanda baiskeli ya mtoto. Nyuma tulikuwa na Shadia, ambaye yuko sekondari na anajiona mkubwa kuliko mimi, na Ali, ambaye bado anatapika akipanda gari.

Tulimkuta Mama barazani, amevaa gauni lake la Idi na kanga mpya. Pembeni yake kulikuwa na begi, mfuko wa mchele, na kuku mtetea amefungwa miguu. Nikamwambia, Mama, kule chakula kimo ndani ya malipo, hatubebi kitu. Akaniangalia kama nimetukana. Kwenda kwa watu mikono mitupu, alisema, ni tabia ambayo hakunifundisha yeye, labda nimeifuata Mikumi. Kuku akaingia kwenye gari. Begi nilipotaka kulibeba alininyang'anya, akalipakata yeye mwenyewe mapajani, na hakuliweka chini safari nzima.

Sasa na hili la mkwe mlijue, maana lina kazi yake huko mbele. Kwetu mkwe hamzoei mama mkwe. Hakai naye mkeka mmoja, hali naye sahani moja, na neno zito halitoki kinywani kwa mkwe kwenda kwa mama mkwe moja kwa moja. Baba Shadia alichuchumaa mbali, akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba baba, na baada ya hapo wote wawili wakaanza kunitumia mimi. Wamo ndani ya gari moja, wanasikiana vizuri tu, lakini Mama ananiambia nimuulize mkwe kama breki ni nzima, na mkwe ananiambia nimwambie Mama ni nzima. Shadia alikuwa anaziba mdomo kwa kucheka.

Kilosa, tulipofika darajani, Mama akaomba tusimame. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu, unashuka na magogo. Akasimama ukingoni mwa barabara midomo inacheza. Nilidhani anasoma dua ya safari. Nyuma yetu pikipiki zilipiga honi, mimi nikatoka kumvuta mkono, na nikamsikia anamalizia, "Nitakukuta huko." Nikadhani ananiambia mimi, nikamjibu, twende Mama, tutakwenda wote.

Mbele ya Kilosa ng'ombe wa wafugaji walituweka barabarani muda mrefu. Walikuwa wengi, wanatembea kama barabara ni yao, na mama mmoja wa kifugaji aliyekuwa anawafuata akasimama dirishani kumsalimia Mama. Hawakuelewana sana kwa maneno, lakini Mama alimuuliza kama mto umewachukulia mifugo, na yule akaonyesha kwa vidole ni wangapi, kwa huzuni. Wakashikana mikono mpaka ng'ombe wote wakapita.

Kupita mbugani

Tulilala kwangu, asubuhi tukaanza safari ya kweli. Mnaijua barabara yetu inavyopita katikati ya mbuga. Mkiwa na gari zima ni raha, watoto wanahesabu twiga. Letu lilichemka katikati, mahali penye kibao cha kukataza mtu kushuka kwenye gari.

Baba Shadia akasema hashuki kuliwa na simba kwa ajili ya gari la bosi. Nikamuuliza sasa tutafanyaje, tulale hapa? Nyani walishatuona, wakaja wakapanda juu ya boneti, na yule kuku akaanza kupiga kelele humo ndani kama anachinjwa. Ali akalia, Shadia akapiga picha. Nilikuwa na hasira na kila mtu, kuanzia nyani.

Aliyetuokoa ni dereva wa lori la viazi kutoka nyanda za juu, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alisimamisha lori lake nyuma yetu, akashuka na dumu la maji na spana kubwa, akawafukuza nyani, akasimama kutulindia wakati mume wangu anajaza maji. Alimsalimia Mama shikamoo, akamuuliza anakwenda wapi na mvua hii.

"Nakwenda kumwona mwanangu," Mama akasema.

Akamuuliza kama mwana anafanya kazi huko pwani. Mama akajibu kwamba hapana, yupo tu. Yule dereva akacheka, akasema vijana wa siku hizi ndivyo walivyo, mfikishie salamu zangu, mwambie atafute kazi. Mama akasema zitafika.

Mimi nilikuwa mbele pale, nikasikia yote. Nilidhani ndiyo uzee umeanza, kwamba akili yake imeanza kuchanganya watu. Sikumuuliza. Mtu ukiogopa jibu huulizi, na mimi nimekuwa naogopa jibu la mama yangu kwa miaka.

Morogoro, Chalinze, Msata

Morogoro tulikunywa supu ya kongoro, na kama mpishi nasema bila wivu kwamba ilikuwa supu hasa, imekaa motoni mpaka mfupa umeachia. Baba Shadia alikunywa yake nje, amesimama karibu na gari. Mhudumu alidhani tumegombana, akaja kuniliwaza, akaniambia dada, wanaume ndivyo walivyo, mvumilie. Nikamwambia hatujagombana, ni mkwe. Akaelewa hapo hapo, akampelekea chapati ya bure.

Mama alikunywa vijiko vichache tu. Alikuwa anauliza njia. Hapa ni wapi, na mto huu ni upi, na huu unakwenda wapi. Kila daraja aliuliza. Mimi nilikuwa nimeshachoka, namjibu mradi nimejibu.

Msata mvua ilitupiga hatuoni mbele. Pale ndipo unapoacha barabara kuu ya kwenda kaskazini unakata kulia kuelekea Bagamoyo. Baba Shadia alipunguza mwendo akasema kwa sauti ya kawaida kwamba ukinyoosha unafika daraja la Wami, na kwamba Mkondoa wetu huishia kuingia humo. Alisema tu, kama madereva wanavyosema. Mama alikuwa amesinzia, kichwa kimelalia begi. Ali alikuwa anatapika kwenye mfuko nilioushika mimi. Tukakata kulia.

Getini na mezani

Hoteli ilikuwa nzuri, sitaisema vibaya. Ilikuwa na bustani, na vyumba vya makuti vyenye feni, na bwawa la bluu ambalo Ali aliliona akasahau kwamba ana mama. Shida ilianzia getini. Mlinzi alikuta kuku, akasema chakula kutoka nje hakiruhusiwi. Mama akamwambia si chakula, ni zawadi ya mwenye nyumba. Mlinzi akasema mwenye nyumba yuko Ulaya. Mama akafikiri, akauliza, sasa hapa tunakaribishwa na nani? Mlinzi, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, akaegemeza rungu lake ukutani. Mama akamkabidhi yeye kuku na mchele, akamwambia wewe ndiye umetufungulia mlango, basi wewe ndiye mwenyeji. Yule mzee alipokea kwa mikono miwili.

Mapokezi walitufunga mikononi zile bangili za plastiki za kuonyesha kwamba tumelipia kila kitu. Mama akauliza kama ni alama ya wagonjwa, maana aliwahi kufungwa kama hiyo wodini. Akaificha chini ya kanga.

Na chakula sasa. Meza ndefu, masinia yamefunikwa, unajipakulia mpaka uchoke. Pilau lao halikuwa na bizari ya kutosha na samaki walikaushwa, lakini kwa wingi sina la kusema. Wahudumu walitupangia meza moja ya watu watano. Baba Shadia akachukua sahani yake akaenda kukaa peke yake pembeni ya nguzo. Kila mlo walimfuata kumrudisha, wakidhani ametengwa, na kila mlo alirudi kwenye nguzo yake. Siku ya pili walimwekea mshumaa, maskini.

Mvua ilikuwa inanyesha na kuacha, inanyesha na kuacha. Wageni wachache waliokuwepo walilalamika kwamba bahari ni chafu. Walikuwa wameona picha za maji ya kijani, wakakuta maji ya udongo, mekundu mekundu, yana majani na vijiti. Mama alipoyaona mara ya kwanza alisimama palepale mchangani akashika kifua.

"Mwanahawa," aliniita, "ona. Ni maji yetu."

Tangu Salumu aondoke sikuwa nimemwona mama yangu na uso ule. Ulikuwa umelegea, kama mtu aliyetua mzigo. Nikafurahi, nikajipongeza moyoni kwamba hela yangu haikwenda bure.

Shuka

Asubuhi iliyofuata nilikuwa bwawani nawaangalia watoto. Nikasikia sauti upande wa ufukweni, nikageuka, nikamwona Mama anavutana kitu na mlinzi. Si yule wa getini, mwingine, kijana wa doria. Mama ameshika nguo nyeupe iliyokunjwa, kijana ameshika upande wa pili, anamwambia kwa adabu lakini kwa nguvu kwamba mashuka ya hoteli hayapelekwi baharini, na kwamba chumbani kwao jana lilipungua shuka moja.

Nilikimbia na miguu ya maji. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe maneno yake, mama yangu aitwe mwizi wa shuka, lakini Mama alinitangulia. Hakupaza sauti.

"Baba, hii si shuka. Hii ni sanda ya mwanangu."

Kijana akaiachia kama imemuunguza. Akasema inna lillahi, akarudi nyuma, akavua kofia. Niliitambua. Ilikuwa ile sanda iliyonunuliwa wakati ule wanaume wakiwa bado wanautafuta mwili mtoni, kwamba akipatikana tu asicheleweshwe. Nilidhani ilishatolewa sadaka kwa maiti mwingine. Kumbe ilikaa sandukuni kwa Mama muda wote huo, na sasa imesafiri mapajani kwake kutoka Chanzuru.

Akanieleza pale pale, bila kulia, kama anayeelezea mapishi. Mto ulimchukua Salumu, mto unaishia baharini, kwa hiyo Salumu yuko baharini. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba angeweza kufika huko mpaka nilipompigia simu. Alidhani nimeelewa. Alidhani ndiyo sababu nimechagua masika, wakati mto umejaa na unafika na vitu vyake vyote. Alikuja kumvisha mwanawe sanda, basi, halafu arudi nyumbani akae matanga kama wazazi wengine.

Nikamwomba asubiri kidogo nimwite Baba Shadia, maana hakuna maziko bila mwanamume. Akakubali, akakaa mchangani na sanda yake.

Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama yale maji mekundu, akanivuta nyuma ya mnazi. Akasema kwa kunong'ona kwamba maji haya si yetu. Haya ni ya Ruvu, mto unaoingia baharini hapa jirani, na Ruvu hauhusiani na Kilosa hata kidogo, unatoka milima ya Uluguru. Wetu uko mbali, kule Wami, pale Msata tulipokata badala ya kunyoosha.

Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia mama yangu kwa mara ya kwanza ana amani, na maji ni maji, nani atajua? Nilimkasirikia kama yeye ndiye aliyeuchimba huo mto.

"Yeye hatajua," akasema. "Wewe utajua. Na mimi siwezi kumwambia mkwe neno kama hilo. Mwambie wewe, au tunyamaze wote mpaka tufe."

Jamani, kutoka kwenye ule mnazi mpaka alipokaa Mama palikuwa karibu sana, na sijawahi kutembea mahali parefu vile. Nilikuwa najiambia, Mwanahawa, ukimwambia unamnyang'anya mtoto mara ya pili. Nikakumbuka pia jinsi tulivyomdanganya miaka yote kwa kunyamaza, kila mtu anaogopa kusema neno, tukaita ile ni heshima. Nikakaa mchangani mbele yake, nikamshika magoti.

"Mama, haya si maji ya Mkondoa. Ni ya mto mwingine. Yetu hayapiti hapa."

Nilingoja anipige, na ningekubali. Akaikunja sanda upya, polepole, kona kwa kona.

"Ningemzika kwenye kaburi la mtu mwingine," akasema. "Asante kwa kuniambia. Sasa yetu yako wapi?"

Wami

Tuliondoka mchana huo huo. Msichana wa mapokezi alitukumbusha kwamba siku zilizobaki hazirudishwi, tumeshazilipia na chakula cha jioni ni nyama choma. Nikamwambia mle nyie. Alipokata bangili ya Mama, Mama alimshukuru kama aliyefunguliwa pingu. Ali alilia kwa ajili ya bwawa. Shadia alimbeba, na mimi niliona kwamba mwanangu amekua kweli, si kwa kujiona.

Mzee wa getini alitufungulia akamuuliza Mama mbona mapema. Mama akamwambia tumekosea nyumba.

Tukarudi Msata, na safari hii tukakata kulia tena, kuelekea kaskazini. Tulipokaribia daraja, mume wangu akapaki mbali kidogo, maana darajani hairuhusiwi kusimama, mahali ambapo kuna watu wanachoma mahindi chini ya mabati. Mvua ilikuwa imekatika. Mama alishuka kabla gari halijatulia vizuri. Aliuona mto, mpana, umejaa, mwekundu, una harufu ile ile ya tope la nyumbani, akaanza kuteremka kwenye kijia cha ukingoni, kitambaa cheupe mkononi, anakwenda bila kutazama pembeni.

Wachoma mahindi wakamwona. Mwanamke mzima, peke yake, anaufuata mto uliofurika. Walidhani anakwenda kujitupa. Wakaacha mahindi yao, wakamkimbilia, wanamwita mama, mama, kuna mamba huko, kuna viboko, hakuna jambo lisilo na mwisho mama. Mmoja akamzuia kwa mbele, mikono ameitandaza kama anazuia mbuzi. Nilipowafikia ninahema, nikawaambia si hivyo. Nikawaeleza kwa maneno machache: kijana, Kidete, mto, sanda.

Yule aliyemzuia akashusha mikono. Halafu mambo yakaenda kama yanavyokwenda kwenye msiba wowote, kana kwamba watu wale walikuwa wanatusubiri. Aliyekuwa amevaa kofia ya kuswalia akanawa mikono na mdomo. Mwingine akatafuta jiwe la kuifungia sanda ili izame. Mchungaji mmoja wa ng'ombe, shuka yake nyekundu imelowa, alisimamisha mifugo yake juu kule akashuka, si Mwislamu, hakuuliza mtu, akajipanga na wengine. Wakamweka Baba Shadia mbele maana yeye ndiye mwanamume wa msiba. Wakachota udongo, kila mtu na wake mkononi, kama kaburini.

Yule wa kofia akamgeukia Mama. Alisema naye kwa upole, hata mimi sikuona kosa lake. Alisema, mama, kina mama mbaki hapa juu kama ilivyo kawaida, sisi wanaume tutamfikisha.

Mama hakumkasirikia. Alimwambia:

"Mwanangu, mimi nilibaki nyumbani. Nilibaki nikasubiri wanaume wamlete, na hawakumleta. Safari hii nitamfikisha mwenyewe."

Yule wa kofia akainamisha kichwa, akasogea, akampisha. Mama akapita katikati yao. Baba Shadia, ambaye tangu anioe hajawahi kumgusa hata kidole, alinyoosha mkono akamshika kiwiko asiteleze kwenye tope, na Mama akauegemea. Wakashuka hivyo mpaka karibu na maji, watu wakiwa macho kwa ajili ya mamba.

Wa kofia akauliza, ili amwombee, marehemu anaitwa nani. Neno lile, marehemu, hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kulitamka mbele yake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na Shadia, nikafumba macho.

"Marehemu ni Salumu Athumani," Mama akasema. "Mimi ndiye mama yake."

Akaiachia sanda. Ilielea kidogo, ikajaa maji, ikavutwa na jiwe, ikaenda. Dua ikasomwa. Halafu watu wakabaki wameshika udongo wao wakimngoja yeye, na yeye akainama, akachota kwa mkono wa kulia, akatupa mtoni. Wakatupa wote, yule mchungaji pia. Mama alipopanda juu wakampa mkono mmoja mmoja, pole mama, pole mama, na yeye akawaitikia kila mmoja, asante, tumeshapoa.

Walitupa mahindi ya kuchoma tuondoke nayo, wakakataa hela. Mama alikula lake lote, akapangusa mdomo kwa kanga. Gari lilipoondoka, alininyooshea mkono kutoka kiti cha nyuma akanishika bega.

"Haya Mwanahawa," akaniambia, "sasa mlilie mdogo wako."

Nililia kutoka pale mpaka Chalinze, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.